Fundi Aliyeitwa Mama Sweta

Kwenye simu alikuwa mwanamke. Dukani alikuwa mzee wa kofia ya kufuma na shati la flana, amekaa nyuma ya mashine yake ya kufuma sweta kwenye kibaraza kimoja hapa Majengo, karibu na ukuta wa msikiti. Sisi watoto wa ploti tulimwita Fundi. Watu wa rika lake walikuwa na jina lingine la kumwita, lakini kwetu alikuwa Fundi tu. Na kina mama wa mtandaoni, kwa miaka mingi, walimjua kama Mama Sweta na hawakujua ni yeye.

Naandika juu yake kwa sababu ameondoka, na kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja nilichotaka kujua, na yeye peke yake ndiye alikuwa nacho. Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Baba alisema ilikuwa ghafla. Tata, yaani dada yake mama, alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilitaka kujua kama mama alijua. Kama alikaa na sisi akipika githeri na kucheka na simu yake huku anajua, au kama hata yeye alishtukizwa. Sikumuuliza mtu. Mimi si mtu wa kuuliza. Kwenye mazishi, huko kwetu Wamagana, watu walisema niko na moyo mgumu kwa sababu sikulia. Haukuwa ugumu. Ulishawahi kuulalia mkono wako ukaamka ukaushika, ukawa kama mkono wa mtu mwingine? Ilikuwa hivyo, na bado iko hivyo.

Jumamosi nilikuwa naenda kukaa kwenye benchi ya Fundi. Hakunituma kitu wala sikumsaidia kitu. Nilikaa kwa sababu hapo kunyamaza hakukuwa tabia mbaya. Nyumbani ukinyamaza unaulizwa una nini. Kwa Fundi mashine ndiyo ilikuwa inaongea, ikienda na kurudi, kraa, kraa, na yeye akiichoka anaiacha, anamimina chai ya tangawizi, anatoa simu.

Simu ilikuwa haimtambui. Uzi ulikuwa umemsugua vidole mpaka alama zote zikaisha, kwa hivyo ile sehemu ya kuweka kidole ilikuwa inamkataa kila siku. Alikuwa anaitazama na kuiambia, "Ni mimi," kwa upole kabisa, kisha anaandika namba ya siri. Baada ya hapo alisoma. Alisoma kama watu wengine wanavyochagua mchele, uso karibu, kidole kikisukuma polepole. Nilidhani anasoma habari. Siku moja akasema bila kuinua macho, "Leo wanalia juu ya moshi."

"Nani?"

"Wenye maswali."

Sikuuliza zaidi. Wiki hiyo hiyo, kwenye ukurasa wa duka lake ambao baba yangu pia aliufuata, kulikuwa na maandishi mafupi kuhusu namna ya kutoa harufu ya moshi wa kuni kwenye sweta ya shule bila kuifanya ivutike. Hakusema "nunua kwangu" popote. Mwishoni aliandika tu mahali alipo. Na watu walikuja.

Kuna siku alinieleza alivyoanza, na alinieleza akiwa amekasirika, si na mimi, na yeye mwenyewe wa zamani. Alianza kama kila mtu wa biashara hapa mjini. Kila asubuhi aliandika, "Karibuni tunafuma sweta bora kwa bei nafuu." Waliobonyeza kuipenda walikuwa wawili: binti yake anayeishi Isiolo na mtu mmoja anayeuza mashamba, ambaye hupenda kila kitu. Binti yake akampigia simu akamwambia, "Baba, wacha kuongea. Enda kwanza mahali watu wanaongea, usikize." Akamtafutia kundi la kina mama wa Nyeri, Karatina, Mweiga na Nanyuki, Kina Mama wa Baridi.

Fundi hakuona neno "kina mama" kama ukuta. Alifikiri ni kama soko la kina mama, ambalo mwanaume pia hununua sukuma wiki. Kundi likamuuliza mlangoni, "Wewe ni mama ya nani?" Akatazama huku na huku. Mbele yake kulikuwa na sweta. Akaandika, Mama Sweta.

Wakamkaribisha vizuri. Mmoja akauliza Sweta ako na miaka ngapi. Akajibu, "Bado mchanga." Mwingine akauliza hilo jina ni la wapi, akasema ni la huko kwao. Na tangu siku hiyo kila Januari walimuuliza kama Sweta alifanya vizuri, na yeye alisema anaendelea kukua. Haya ya kundi nilikuja kuyajua baadaye, baada ya Fundi kushikwa. Wakati huo nilijua tu kwamba kuna mahali anapoenda kusikiliza.

Alikuwa na sheria zake. Alisema mteja haji na sweta kichwani, anakuja na kero. "Hakuna mtu anaamka akiwaza juu ya uzi. Anawaza juu ya baridi, juu ya mwizi, juu ya mtoto." Kwa hivyo hakutafuta neno sweta kwenye kundi. Alitafuta kero. Swali la mtu mmoja aliliacha lipite. Lilipoulizwa tena na mtu asiyemjua yule wa kwanza, aliinua kichwa. Na likirudi mara ya tatu watu wakilicheka, hapo ndipo alikuwa anaweka chai chini. Alisema watu hucheka sana swali ambalo wote wako nalo.

Na hakujibu ndani ya kundi hata siku moja. Hiyo ilikuwa haramu kwake kuliko vitu vingine vingi. "Ukiuza humo ndani, umekuwa mchuuzi wa njugu kwenye matanga," alisema. Alibeba swali, akalitoa nje, akalivua jina la mwenyewe, mji wa mwenyewe, hata maneno ya mwenyewe, akalijibu kwenye ukurasa wake kana kwamba limemjia likiwa peke yake. Nilimsikia akikaripia kijana mmoja wa duka la viatu aliyepiga picha maneno ya mteja na kuyabandika. Alimwambia, "Swali la mtu ni kama nguo ya ndani. Unaweza kuishona. Huwezi kuianika barabarani."

Ile ninayokumbuka zaidi ni ya mama mmoja wa Mweiga. Aliandika kwamba kijana wake wa darasa la kwanza analia kila asubuhi akivalishwa, na hajui kwa nini. Wenzake wakajaa na majibu. Mchape. Mpeleke akaombewe. Badilisha shule. Fundi alikuwa ameshaona wengine, miezi tofauti, wakilalamika mtoto anajikuna shingo, na hakuna aliyeunganisha. Akaandika, "Kabla hujamchapa mtoto anayelia asubuhi, mshike shingo. Pitisha kidole ndani ya kola." Halafu akaeleza uzi upi unawasha na upi hauwashi.

Yule mama alikuja mwenyewe na mtoto, na hakujua kwamba ni swali lake lililomleta. Fundi akambadilishia kola. Walipoenda nikamuuliza, "Na kama si kola?" Mimi, kuuliza.

"Mara nyingi si kola," akasema. "Lakini atakuwa amemshika shingo kwanza, kabla ya kumchapa."

Sitaki aonekane mtakatifu. Alijua shida za nyumba zote za mlimani lakini yeye na mama wa mandazi wa kibaraza cha pili hawakusalimiana karibu mwaka mzima kwa sababu ya kugombania kistuli. Alisema mteja hakaripiwi, na siku hiyo hiyo nilimsikia akimwambia baba mmoja aliyerudisha sweta, "Mimi nilifuma shingo ya kawaida. Hicho kichwa sikukileta mimi." Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko cha mwalimu wetu, lakini bei ikianza kubishaniwa alihamia Kikuyu bila kupumua. Alisema Kiswahili ni cha heshima, Kikuyu ni cha hesabu. Na mtu huyu aliyeishi kwa maswali ya watu, yeye mwenyewe hakumuuliza mtu swali. Hakuniuliza hata siku moja, "Binti, unaendeleaje tangu mama afariki?" Mji mzima uliniuliza. Yeye alinisogezea chai.

Sasa nieleze juu ya soksi. Ukiingia kibarazani kwake na kuinua macho, ulikuta paa limejaa soksi za watoto, moja moja, kuukuu, zimening'inia kwenye misumari kama popo. Ndani ya kila soksi kulikuwa na bonge la uzi. Hiyo ilikuwa sweta yake maarufu kuliko zote, aliyoiita sweta ya kukua nayo. Sweta za kawaida alianza kufuma chini, kwenye pindo la mkono, akapanda. Hii aliianza begani akashuka, kwa sababu iliyoanzwa begani inafumuka vizuri pale chini. Mtoto akirefuka unafumua pindo, unaongeza mkono na kiuno, unafunga tena. Lakini uzi lazima uwe ule ule. Maruni ya mwaka huu si maruni ya mwaka jana, kiwandani hawapiki rangi sawa mara mbili. Kwa hivyo alikata uzi wa kutosha tangu siku ya kwanza, akauweka. Na badala ya kuandika majina alimwambia mzazi alete soksi moja ya mtoto mwenyewe. Alisema mama anaweza kusahau risiti, hasahau soksi ya mtoto wake.

Yangu ilikuwa nyeupe, ya shule ya msingi, kisigino kimezibwa na uzi mwekundu kwa sababu siku hiyo mama hakuwa na mweupe. Niliitazama kila Jumamosi. Nilijua ni yangu. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Alivyoshikwa ilikuwa hivi. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika na hakuwa amemwambia mtu. Siku moja akamrekodia binti yake sauti: "Mwanangu, hili jicho la kushoto limezidi. Uzi mweusi nauona kama moshi. Njoo unichukue kabla sijaharibu nguo za watu." Akabonyeza. Ikaenda kwa Kina Mama wa Baridi wote.

Tata yangu ni mmoja wao. Alikuwa jikoni kwetu akimenya viazi, akaisikiliza, akairudia, akaanza kunisomea yaliyofuata. Wa kwanza aliandika, "Mama Sweta, hiyo ni sauti ya mzee wako?" Wa pili, "Pole na macho." Wa tatu, "Wacheni. Huyu ni fundi wa Majengo. Amenifumia mimi."

"Kai," tata akashangaa. Akaweka kisu chini. "Vaa viatu."

Tulienda sisi na mwanamke mwingine jirani wa tata. Nilisimama nyuma yao, mahali ninapopenda kusimama. Fundi aliwaona wakija akaacha mashine.

"Fundi," tata akasema, "Sweta hajambo?"

"Hajambo."

"Ati hajambo. Miaka yote hii tunakuambia vitu za nyumba zetu ukijifanya mama."

"Sikujifanya. Mliniuliza mama wa nani. Nilidhani ndivyo mnavyobisha hodi."

"Mimi niliandika huko mambo ya matiti kuvimba," jirani akasema. "Ulisoma?"

Fundi aliangalia uzi. "Hapo nilipita mbio."

Jirani akageuza uso upande wa msikiti, mabega yakitikisika, na tata akamkanyaga mguu.

"Umesoma siri zetu zote," tata akasema.

"Nimesoma. Kuna hata moja umewahi kuisikia barabarani?"

Tata alisema hiyo si hoja. Alisema watamtoa, na kweli jioni walimtoa. Lakini kabla hatujaondoka aliuliza pia kama ile sweta ya kijana wake itakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Fundi akasema itakuwa.

Njiani kurudi ndipo ilinifikia, polepole, kama baridi inavyoingia kwenye kiatu. Mama alikuwa kwenye kundi hilo. Ndilo alilokuwa akicheka nalo. Simu yake mjomba aliichukua akaifuta, na huko watu waliweza kuuliza bila kuonyesha jina, hata tata hangejua nani aliuliza nini. Lakini Fundi alikuwa amesoma kila kitu, na kazi yake ilikuwa kujua ni nani aliye nyuma ya swali. Kama mama aliwahi kusema popote, ni hapo.

Nilijua hivyo na nikakaa nalo. Nilienda Jumamosi, nikakaa kwenye benchi, nikanywa chai, nikarudi. Ndivyo nilivyo. Mpaka Agosti hii baba aliporudi kutoka Mweiga, anakopakia viazi, akasema amemkuta binti ya Fundi stendi na mabegi matupu. Amekuja kumchukua. Fundi amesema kila mwenye soksi aende aichukue.

Nikavaa sweta nikaenda. Mikono ilikuwa imepanda mpaka nusu, nilikuwa naificha kwa kukunja mikono kifuani.

Paa lilikuwa limebaki na misumari. Soksi chache tu zilikuwa bado. Alikuwa anaziteremsha na fimbo, akizileta karibu na jicho la kulia. Yangu aliishika kisigino, akahisi ule uzi mwekundu kwa kidole, hakuhitaji kuiangalia.

"Vua," akasema. "Nitaongeza kabla sijaenda. Huko mbele utamtafuta fundi mwingine, lakini mwambie asiikate. Aifumue."

Nikavua. Akafumua pindo. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele. Nikakaa nikiangalia mkono wa sweta ukirudi nyuma, na nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mama alikuwa kwa lile kundi."

"Alikuwa."

"Aliuliza kitu?"

Aliunganisha uzi mpya na wa zamani. Alivuta mashine ikaenda, ikarudi.

"Unaijua desturi yangu," akasema. "Mwenye swali simtaji."

"Naijua."

Ikaenda, ikarudi. Nilifikiri imeisha hapo. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia ni sawa.

"Lakini swali lenyewe lilikuwa wewe," akasema.

Akanieleza bila kuacha kazi. Kuna mtu aliandika bila jina: msichana wangu anaingia kidato cha kwanza, nataka sweta moja ya kumfikisha kidato cha nne, sitakuwa na nafasi ya kununua nyingine, nifanyeje? Wakacheka sana. Mmoja akasema nunua ya askari wa usiku. Mwingine akasema mvishe blanketi utoboe shingo. "Na mimi nilicheka," Fundi akasema. "Nikaona, hili ni la kila mtu, watu hawana uwezo wa sweta kila mwaka. Nikafikiria, nikaitengeneza, nikaiandika. Wakaja kutoka kila mahali. Ile sweta imenilisha mimi, binti, mpaka leo."

"Halafu?"

"Halafu mama yako akaja. Alisimama hapo ulipo. Akasema ameona sweta ya kukua nayo, anataka moja. Akasema maneno yale yale. Sitakuwa na nafasi. Hakusema hela, alisema nafasi. Nikamtazama usoni, nikaona nilichokuwa sijasoma."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza. Nilimuuliza uzi niweke kiasi gani." Akasimamisha mashine. "Akasema, weka mwingi. Baba yake ni mrefu."

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua."

Nilingoja kitu kitokee ndani yangu. Nilisikia mama wa mandazi akigonga mwiko kwenye karai. Binti ya Fundi alikuwa ndani akifunga kamba kwenye boksi. Niliwaza mama akicheka na simu jikoni, na kwamba labda siku moja kati ya hizo alikuwa akisoma ile ya blanketi. Hakuna kilichotokea. Lakini nilijua sasa, na kujua kulikaa mahali pake, pakavu, kama kitu kilichowekwa kwenye kabati.

Fundi alimaliza mkono wa pili na kiuno, akafunga pindo, akakata uzi kwa meno. Soksi ilikuwa bado nzito. Akanipa. "Hapo kuna kidato cha nne," akasema. "Na kidogo zaidi. Alikadiria vizuri."

Nikainua sweta kwenye mwanga. Sehemu mpya ilikuwa imekolea zaidi, maruni kabisa, na juu yake ile ya zamani ilikuwa imepauka. Mtu yeyote angeuona mpaka wake.

"Haifanani," nikasema.

"Uzi ni mmoja. Huu haujaona jua tu. Ulikuwa gizani kwenye soksi."

"Itafanana?"

Alikuwa ameshageukia soksi nyingine, akiileta karibu na jicho lake zima.

"Ukiivaa," akasema.